Aliyeipasha Injini Joto

Twaanza kwa jina la Mola, aliyemfinyanga mwanadamu kwa udongo na kumuumba jini kwa ulimi wa moto usio na moshi, kisha akawaweka wote juu ya ardhi moja, huyu akionekana na yule akiona, wala hakumpa yeyote kati yao idhini ya kumdhulumu mwenziwe. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, ambaye ujumbe wake ulisikiwa na makundi yote mawili. Ama baada ya hayo: asili ya kisa hiki ni kinywa cha mwanamke aliyekuwa akiosha maiti, naye alishuhudia kwa macho yake. Alimsimulia dada yake, dada akawasimulia wanawe, na kwa mmoja wa wanawe kikatufikia sisi. Kilichoongezeka njiani, Mola akisamehe. Kilichopungua, hasara ni yetu.

Alfajiri moja ya kipupwe, msambaza mikate alifungua mlango wa nyuma wa nyumba yake, akavuka ua kwa viatu visivyofungwa kamba, akaweka kiganja juu ya silinda ya pikipiki yake kama mtu ampimaye mgonjwa homa. Akakiondoa upesi. Chuma kilikuwa na joto.

Halikuwa joto la kuunguza. Lilikuwa joto la chombo kilichozimwa punde tu baada ya safari. Akatazama lango: komeo lilikuwa mahali pake, na umande juu ya saruji haukuwa na alama ya tairi wala ya unyayo. Akapiga kiki mara moja, na injini ikaitika kama mtumishi aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akingoja kuitwa.

Asiyeijua pikipiki ile ataliona hili kuwa jambo dogo. Lakini ilikuwa pikipiki ya marehemu baba yake, nzee kuliko ndoa yake, na tabia zake alizijua kama mtu ajuavyo tabia za mama mkwe. Mchana, jua likishatoka, ilikuwa mpole. Kukiwa na baridi haikuwaka ila kwa kubembelezwa: avute choki ya kubana hewa, apige kiki mpaka goti limuume, akae juu ya kreti tupu apumue, aanze tena, na huku bekari mikate inatoka tanurini, na wenye maduka wanachungulia barabarani. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alikuwa fundi wa pikipiki, alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja ailete ifunguliwe. Yeye akajitafutia dawa yake. Kila alfajiri alichemsha birika la maji jikoni, akayamwaga juu ya kabureta ili mafuta yapate joto ndani yake. Maji yakapita juu ya chuma, yakaanguka kwenye saruji, yakafuata mteremko hadi kwenye tundu la maji machafu chini ya ukuta, yakapotelea humo yakifuka mvuke. Na pikipiki ikawaka. Kipupwe chote mpaka siku ile kilikuwa kimepita hivyo.

Sasa, pasipo birika wala choki, ilikuwa imewaka yenyewe kwa kiki moja. Msambaza mikate akacheka peke yake uani. Mgonjwa akishapona, nani huuliza jina la dawa?

Alirudi ndani kuchukua koti. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, amempakata binti yao mdogo, ambaye nyumba nzima na mtaa mzima walimwita Chiriku, kwa kuwa tangu ulimi wake ulipofunguka haukuwahi kufungwa tena. Aliongea na vijiko, aliongea na sabuni, aliongea akiwa amelala.

"Leo hajaamka na maneno yake," mkewe alisema. "Na hebu mguse miguu. Baridi."

"Blanketi limemtoka."

"Halikumtoka, Baba Chiriku. Nimelikuta mpaka shingoni."

"Basi mvalishe soksi," alisema, akatoka, kwa maana mikate haingoji.

Siku iliyofuata injini ilikuwa na joto zaidi, na ya pili yake likazidi tena, hata akawa hachemshi maji kabisa, wala hakumwambia mtu, kama aokotaye kitu njiani akaogopa kumwulizia mwenyewe. Lakini kuna harufu iliyokuja na neema hiyo. Ilikaa pale uani kati ya ukuta na gurudumu la nyuma, harufu ya nywele zilizopitiwa na moto. Na haikuwa ya petroli, maana petroli aliijua. Alimwaga sabuni. Alisugua. Harufu ikakaa.

Na Chiriku akawa anapungukiwa na maneno. Mtoto aliyekuwa akiuliza jua linalala wapi na nani hulifunika, sasa aliomba maji kwa kunyoosha kidole. Kukicha alikuwa baridi na mzito. Adhuhuri mwili ulirudiwa na joto kidogo. Jioni aliketi akitazama. Walimpeleka hospitali. Daktari akampima damu na kifua, akaona kila kitu ni sawasawa, akasema wampe vitu vya moto na wamrudishe asipobadilika. Hakubadilika.

Siku moja magharibi ikikaribia, mkewe alimkuta Chiriku amechuchumaa kwenye tundu la maji machafu, sikio lake karibu na wavu.

"Unasikiliza nini, mama?"

"Mtoto analia," Chiriku alisema. Ndiyo maneno pekee aliyosema siku hiyo.

Usiku ule mke hakulala, na kulipokucha alimtuma mumewe kwa kaka yake, akimwambia maneno mafupi ambayo mume alitembea nayo njia nzima: "Pikipiki ilianza kupata joto siku ileile mwanangu alipoanza kupoa. Mimi si fundi. Lakini hesabu hiyo naiona."

Gereji ya shemeji ilikuwa kibanda cha mabati, sakafu yake nyeusi kwa mafuta, minyororo imening'inia ukutani kama nyama buchani. Fundi aliposikia habari ya injini iendayo kulala baridi ikaamka moto, aliweka spana chini ili acheke kwa nafasi.

"Shemeji, chuma hakina blanketi. Kikizimwa kinapoa. Labda jirani anaiazima usiku akaenda kuposa."

"Lango lina komeo. Na tairi hazina vumbi jipya."

"Basi na tumwone mgonjwa. Lakini nikikuta umenidanganya, mkate wa mwezi mzima juu yako."

Akaifungua. Mwanzo alifanya kazi akipiga mluzi. Akatoa plagi, akaigusisha kwenye kichwa cha silinda, akasukuma kiki: cheche ikaja hafifu, ya rangi ya chungwa, cheche ya plagi iliyochoka. Akafungua kabureta, akainua jeti ndogo kwenye mwanga wa mlango, akafumba jicho moja. Haikuonyesha mwanga. Ilikuwa imeziba kwa utando wa mafuta makavu. Akafuata waya wa choki kwa vidole mpaka chini ya tangi, akautoa ukiwa vipande viwili. Mpira unaounganisha kabureta na injini ulikuwa na ufa uliotosha kupitisha ukucha. Mluzi ulikuwa umekoma zamani.

"Nani alikuwashia pikipiki hii leo asubuhi?"

"Mimi. Kiki moja."

Fundi akajifuta mikono kwa tambara, kidole baada ya kidole. "Sikiliza. Injini baridi inataka mafuta mengi na hewa kidogo. Hii jeti imeziba, mafuta hayapiti. Mpira umepasuka, hewa inaingia ya bure. Choki haipo. Cheche haipo, ipo kama haipo. Kwa hali hii, hata ukiisukuma kutoka mlimani haiwaki. Sijui nikwambieje, lakini hii pikipiki haijawaka siku nyingi sasa."

"Nimekuja nayo."

"Najua umekuja nayo, shemeji. Ndicho kinachonitoa jasho."

Wakakubaliana hivi: pikipiki irudi nyumbani ikisukumwa, na plagi ibaki mfukoni mwa fundi. Injini isiyo na plagi ni jiko lisilo na moto. Ikipata joto, basi kinachoipasha si petroli. Kabla ya alfajiri fundi angekuja mwenyewe kutazama.

Akaja, amejifunika mabegani, plagi ameishika ndani ya ngumi kama mtu ashikaye kuku asitoroke. Wanaume wawili wakasimama kwenye mlango wa jiko, taa imezimwa. Nje giza lilikuwa limeanza kuwa jembamba. Pikipiki ilionekana imeegemea upande wake, na chini ya ukuta tundu la maji lilikuwa doa jeusi.

"Shemeji," fundi alinong'ona, "ukiona nakimbia, usinifuate. Tafuta njia yako."

Msambaza mikate akaziba pua, kwa sababu harufu ilikuwa imefika.

Kiki ya pikipiki ikashuka. Ilishuka polepole bila mguu juu yake, kwa uzito wa mtu mwepesi asiye na nguvu, ikafika chini, ikapanda. Injini haikuunguruma, nayo ingeunguruma kwa nini. Ila kwenye tundu la plagi, pale palipo wazi, ilitoka pumzi, *fuu*, kama ya mtu apulizaye uji. Pumzi hiyo ilikuwa nyeupe. Kiki ikashuka tena. *Fuu.* Na kutoka chumbani nyuma yao, kwa sauti ya chini ya mtu aogopaye kusikia maneno yake mwenyewe, mke akaita, "Njooni. Njooni mumtazame."

Msambaza mikate akageuka, na kupitia mlango wa chumba ulio wazi akamwona binti yake juu ya mapaja ya mamaye, macho yako wazi wala hayatazami kitu, midomo ina rangi ya majivu, na kila kiki iliposhuka uani kifua cha mtoto kilishuka pamoja nayo, na kila pumzi ilipotoka kwenye tundu la injini mvuke mweupe ulitoka katika kinywa cha mtoto, kwa kipimo kilekile na kwa wakati uleule, hata ikawa haijulikani ni chuma kinachovuta pumzi za mtoto au ni mtoto anayepulizia chuma, na yeye baba akajikuta amekwisha kuvuka ua bila kujua amevukaje, ameikamata ile kiki kwa mikono miwili na kuizuia isishuke, na chini ya viganja vyake akahisi kitu kingine kinasukuma, kitu ambacho hakikuwa na hasira wala haraka, kilichosukuma kama mama asukumavyo bembea ya mwanawe mgonjwa, akijua kuwa kukicha bado ataendelea kusukuma.

Ndipo adhana ikainuka, na kiki ikalegea mikononi mwake. Silinda ilikuwa moto. Fundi alikuwa bado kwenye mlango wa jiko, amefungua ngumi, anaitazama plagi.

"Iko hapa," alisema. "Shemeji, iko hapa."

Mchana ule Chiriku hakurudiwa na joto. Mamaye alimviringisha kwa kila nguo iliyokuwamo nyumbani, akatoka, akarudi, akasema, "Nimemwita Bibi Mwosha."

Kaka yake aliinua kichwa. Bibi Mwosha ndiye aliyewaosha marehemu wanawake wa mtaa ule, naye hakuitwa nyumbani kwa mtu ila palipokwisha kuwa na kilio. "Dada, mtoto yu hai."

"Ndiyo maana nimemwita leo, kaka. Kesho angekuja bila kuitwa."

Alasiri bibi akaja, mwanamke mfupi wa mikono mipana, na madirisha ya mtaa yakafunguka nusu nusu. Akasimama langoni akawatazama majirani wale mmoja mmoja.

"Sijaja kazini," akawaambia. "Mwenye haraka ya kuzika na aanze na wa kwake."

Madirisha yakafungwa. Akaingia, akamgusa Chiriku paji la uso, viganja, na nyayo, kama agusavyo mtu aliyezoea kujua mwili umepoa kiasi gani, akatikisa kichwa kwa kukiri. Kisha akatoka uani, akainama karibu na tundu, akavuta hewa puani.

"Nani humwaga maji ya moto hapa?"

Msambaza mikate akaeleza habari ya kabureta na birika. Alipokuwa akieleza aliiona mwenyewe njia ya maji yale juu ya saruji, mteremko wake, na mwisho wake.

"Na ulipomwaga, ulitaja jina la Mola?"

Akanyamaza.

"Nakuuliza, mwanangu. Usione haya, walionyamaza mbele yangu ni wengi, nao wana udhuru. Wewe una ulimi."

"Nilikuwa nikiitukana pikipiki," alisema.

Bibi akakaa juu ya kreti. "Kazi yangu ni maji. Jambo la kwanza tulilofundishwa, kabla hata ya kufundishwa kumgeuza maiti, ni hili: maji ya moto hayamwagwi tunduni. Yanaachwa yapoe, jina linatajwa, aliyelala huko anasikia, anaondoka, ndipo yanamwagwa. Wewe kila alfajiri umemwaga maji yanayochemka juu ya kitanda cha mtoto wa watu, na badala ya hodi ukatoa matusi. Mwanawe ameungua. Mamaye amekaa akatazama unataka nini hata ukafanya hivyo, akaona unataka chuma hiki kipate joto. Basi anakupa ulichotaka. Anakuchotea kwa mwanao."

"Tuiuze," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Pikipiki. Tuiondoe hapa leo hii."

"Baba, ukiuza kisu, jeraha linapona?"

Bibi akaagiza birika lichemshwe, na beseni kubwa liletwe, akasisitiza kwamba siku hiyo tone moja lisianguke chini. Kisha akasogeza kreti yake mbele ya tundu, akajifunika vizuri, akasema kama mtu abishaye hodi kwa jirani:

"Amani iwe kwenu, wenye nyumba ya chini. Ninakuja na wenye makosa. Ninaomba nisikilizwe."

Jua lilikuwa bado ukutani. Katika mwanga ule wa mchana, mbele ya macho ya watu wanne, kiki ya pikipiki ikashuka, na pumzi iliyotoka kwenye tundu la plagi ikawa na sauti ndani yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu na yenye nyufa. Ilikuja vipande vipande, kila kipande kwa kiki yake.

"Wangu hana ngozi."

Mke wa msambaza mikate akaziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Tumesikia," bibi alisema. "Ni dhuluma, wala hatuipambi."

"Wake ana ngozi. Ana joto limebaki kidogo. Kesho nitalimaliza."

"Wewe ni mwenye kuamini?"

Kiki ilikaa juu kwa muda mrefu, kisha ikashuka. "Ukuta huu nimesikia nyuma yake visomo kabla huyu mwenye birika hajazaliwa. Baba yake alikuwa akisoma."

"Basi hukumu unaijua, na mimi sina haja ya kukufundisha. Kosa lina mwenyewe. Mzigo wa mtu mzima hautwikwi kichwa cha mtoto, kwenu wala kwetu. Binti huyu hakushika birika. Ukimchukua yeye, utakuwa umedai haki kwa mkono mmoja na kudhulumu kwa mkono wa pili, na mbele ya Mola utasimama pamoja na huyu, si dhidi yake."

Mwanga ukapanda ukutani. Ndipo mke akaondoka mlangoni. Hakuna aliyemtuma. Aliingia jikoni akatoka na chupa ya asali, ile waliyokuwa wakiiweka kwa ajili ya kuungua na vidonda, akapiga magoti penye tundu, akataja jina la Mola kwa sauti ya kusikika, akaimimina polepole juu ya wavu mpaka chupa ikaisha.

"Mama mwenzangu," alisema, "mpake taratibu. Usimfunge kwa kitambaa kikavu, kitashika. Nami wangu naomba uniachie. Sina wa pili."

Kiki ikatetemeka bila kushuka. Kisha: "Huyu nimemsikia." Na baada ya pumzi nyingine: "Aliyeshika birika na aje."

Msambaza mikate akaja. Bibi akalisukuma beseni mbele yake, akalishika birika lililokuwa likitetemesha kifuniko chake.

"Mkono uliomwagia ni upi?"

"Wa kulia."

"Unautoa kwa hiari? Kisasi cha kulazimishana hakimfuti mtu kosa. Sema nisikie, asikie na yeye."

"Kwa hiari yangu," alisema. "Na ninakiri nimeunguza mtoto asiye na kosa, nami sikujua. Wala sikutaka kujua. Fundi aliniambia niilete pikipiki, nikaona birika ni rahisi."

"Jina la Mola," bibi alisema, akainamisha birika.

Aliyaona maji yakitoka na mvuke wake, akauona mvuke ukimgusa uso kwa joto lake, akaona maji yakigusa ngozi ya mkono wake, yakipita juu ya vifundo na kati ya vidole, yakianguka katika beseni, na mwili wake wote ulikuwa umekwisha kukaza kwa kungoja yale maumivu, meno yameumana, shemeji amemshika bega, lakini maumivu hayakuja, na badala yake kilikuja kitu ambacho hakuwa na jina lake, baridi iliyoanzia kwenye ncha za vidole ikapanda taratibu ikikusanya kila kilichokuwamo, kama mtu mwangalifu akusanyaye nafaka iliyomwagika asiache punje, mpaka ikafika kwenye kifundo cha mkono, ikasimama hapo, ikajifunga.

Birika likaisha. Mkono ulikuwa mzima, haujapata hata wekundu. Fundi akachovya kidole katika beseni akakitoa haraka.

"Kama ya kisimani," alinong'ona.

Kiki ya pikipiki ikashuka mara ya mwisho, na sauti ikaja ikiwa imechoka, bila uchungu. "Imetosha. Tumepokea."

Hapo hapo, kutoka chumbani, kutoka ndani ya lile furushi la nguo za nyumba nzima, ikaja sauti nyingine yenye hasira ya haki: "Mama, joto. Nani kanivalisha sweta la baba? Linawasha. Kwa nini hamniambii mko wapi? Nimeota niko ndani ya maji. Mjomba naye yupo? Mjomba, nimekuona kiatu."

Mama alikimbia. Mjomba akaketi chini pale pale alipokuwa, akalia ameinamia plagi yake. Na Bibi Mwosha akayatajia maji ya beseni jina la Mola, akayaacha yatulie, akangoja kama ilivyo desturi ya kazi yake, ndipo akayamwaga.

Kesho yake fundi aliifungua pikipiki yote. Akaweka plagi mpya, mpira mpya na waya mpya wa choki, akasafisha jeti mpaka ikapitisha mwanga kama tundu la sindano. Alfajiri iliyofuata pikipiki ilikuwa baridi kama chuma kingine chochote. Iliwaka baada ya kiki chache, ikakohoa, ikatulia, na mwenyewe akaiacha ijipashe taratibu kwa moto wake wenyewe, amesimama kando akisoma alichokuwa akikisoma baba yake. Mikate ilichelewa kidogo. Wenye maduka wakanung'unika, wakazoea.

Mkono wake wa kulia haukupata joto tena. Haukufa, ulishika, ulifunga kamba, ulisukuma kreti. Lakini waliompa mkono kwa salamu walitazama chini kuona wameshika nini, naye akajifunza kusalimia kwa kuuweka kifuani. Humbeba bintiye kwa mkono wa kushoto. Katika usingizi, mkono wa kulia ukimgusa, mtoto husogea bila kuamka, na baba huuondoa akauweka chini ya mto wake mwenyewe, akalala nao hapo.

Ama yule wa chini, hawakumsikia tena. Ila asubuhi za kipupwe, mtaa mzima ukiwa umelowa umande, saruji iliyo karibu na lile tundu huwa kavu, kwa upana wa mkeka mdogo. Ukiweka kiganja pale utahisi joto. Si joto la jua, maana jua halijatoka. Ni joto la mtoto aliyelala usingizi mzuri.

Mola awahifadhi mliosikiliza, na awahifadhi watoto wenu, wa juu ya ardhi na wa chini yake. Awajaalie ndimi zinazotangulia mikono, na mikono isiyodaiwa na mtu. Na kila anayelala leo katika baridi, popote alipo na wa jinsi yoyote aliyoumbwa, amfunike kwa rehema zake mpaka kupambazuke. Amina.